Upimaji wa Mifumo ya Tahadhari Inayochakata Data Karibu na Tukio: Mfano wa Msitu wa Mgori

Msitu wa Mgori, uliopo katika Wilaya ya Singida, ni msitu wa miombo wenye ukubwa wa takribani hekta 40,000. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kusimamiwa na vijiji vyenyewe, vijiji vitano vikigawana maeneo ya ulinzi. Katika msitu wa aina hii, swali la kila kiangazi ni moja: moto ukizuka ndani, nani atajua kwanza, na baada ya muda gani?

Kwa maeneo makubwa, chanzo cha taarifa kinachotumika zaidi ni setilaiti. Mfumo wa FIRMS wa Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) huonesha bila malipo sehemu zenye dalili za moto; kihisi cha MODIS hutazama ardhi kwa vipande vya kilomita 1, na cha VIIRS kwa mita 375. Kwa kawaida taarifa hupatikana ndani ya saa 3 baada ya setilaiti kupita. Muda huo unatosha kwa takwimu za mwaka. Haumtoshi mlinzi anayetembea kwa miguu kuelekea moto unaosukumwa na upepo.

Hapo ndipo unapoingia uchakataji wa data pembezoni mwa mtandao: kamera au kihisi huchambua picha papo hapo kilipo, badala ya kuituma kwanza kwenye kompyuta kuu iliyo mbali. Tanzania ina uzoefu wa teknolojia hiyo. Kamera za TrailGuard AI, zinazotambua binadamu ndani ya kifaa chenyewe na kutuma picha zinazohusika tu, zilijaribiwa katika Pori la Akiba la Grumeti, magharibi mwa Serengeti, na kusaidia kukamatwa kwa majangili.

Faida yake huonekana kwa hesabu. Picha ya megabaiti 2 kwenye mtandao wenye kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde huchukua sekunde 160 kufika. Kamera 10 zikituma kwa wakati mmoja kwenye njia hiyo hiyo, picha ya mwisho hufika baada ya zaidi ya dakika 26. Ujumbe wa baiti 100 unaosema “moto, kamera namba 4” hufika chini ya sekunde moja.

Kasi pekee, hata hivyo, ni kipimo kinachodanganya. Kamera inayopiga picha kila dakika hufanya maamuzi 1,440 kwa siku. Ikikosea asilimia 1 tu, hutoa tahadhari za uongo takribani 14 kila siku. Kamera 10 hutoa 144. Katika eneo ambako wakulima huchoma mabaki shambani na warina asali hutumia moshi, makosa hayo si ya kufikirika. Walinzi wakiitwa bure mara kwa mara wataacha kuitika, na tahadhari ya kweli itapita bila mtu. Kwa sababu hiyo, ripoti ya majaribio inayotaja “usahihi wa asilimia 99” bila kutaja idadi ya tahadhari za uongo kwa siku haijakamilika.

Kipimo kingine muhimu ni hali ya dharura yenyewe. Mfumo hujaribiwa mtandao ukiwa umekatwa kwa makusudi, betri ikiwa chini, na paneli ya sola ikiwa imefunikwa na vumbi. Muda huhesabiwa tangu moshi unapoonekana hadi mlinzi anapothibitisha kupokea ujumbe, si hadi ujumbe unapotumwa.

Mfumo wa aina hii hauondoi wajibu wa taarifa za wananchi. Anayeona moto msituni hutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji, au hupiga simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, akitaja kijiji, alama ya karibu na upande unaovuma upepo.