Mtindi unashusha kolestro? Soma kabla hujaacha dawa

Ukipimwa damu ukaambiwa lehemu iko juu, au kolestro kama wengi tunavyoiita, hapa Unguja ushauri haukukosi. Huyu atakwambia kitunguu thomu, yule ndimu, na siku hizi mtindi.

Wa mtindi hajakosea sana. Ndani yake mna bakteria rafiki, wanaitwa probayotiki. Ini letu hutumia lehemu kutengeneza nyongo. Nyongo ikishayeyusha mafuta tumboni, sehemu kubwa hufyonzwa na kurudi kwenye ini. Baadhi ya bakteria hawa huivunja, kwa hiyo nyingine hutoka na choo. Ini inabidi litengeneze mpya, na lehemu ya kutengenezea linaichota kwenye damu.

Jambo hili lina historia huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Mmarekani George Mann na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege wa Kenya, walichapisha utafiti wa vijana 24 wa Kimaasai waliokunywa maziwa ya mgando kwa wingi. Ungetarajia lehemu ipande. Ilishuka, hata kwa walioongezeka uzito!

Sasa inashuka kiasi gani? Majaribio mengi yakijumlishwa, wastani ni kama 7 au 8 tu kwa kipimo cha mg/dL. Yaani mwenye 240 anafika 232 hivi, na kinachotakiwa ni chini ya 200. Kuna bakteria wa aina ya Lactobacillus reuteri aliyejaribiwa kwa vidonge, matokeo yakatoka 2012: lehemu mbaya ilishuka karibu asilimia 12 kwa wiki 9. Lakini huyo ni maalumu, si lazima awemo kwenye mtindi unaonunua Darajani. Dawa za statini zenyewe hushusha lehemu mbaya kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo kama daktari kakuandikia, meza. Mtindi kunywa juu yake, usibadilishe kimoja kwa kingine.

Chagua usiotiwa sukari. Ukigandisha mwenyewe nyumbani, chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo utie mbegu ya mtindi. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela. Mwenye kinga dhaifu amuulize daktari kabla ya kununua vidonge vya probayotiki. Na mtindi uliorowekea nyama ya biriani usiuhesabu, moto umeshaua bakteria wake.

Halafu tuseme ukweli, samli na tui zito la nazi vina mafuta yanayopandisha lehemu. Wali wa nazi mchana, pweza wa nazi usiku, kisha kikombe kimoja cha mtindi? Kitazidiwa. Anza kwa kupunguza tui, ongeza maharage na mboga za majani, tembea, na baada ya miezi 3 rudi ukapime tena.