Chama cha msitu ni nini? Maelezo kwa wakaazi wa Funzi na pwani ya kusini

Anayevuka kutoka Bodo kwenda kisiwa cha Funzi hupita kando ya mikoko safari karibu nzima. Mikoko hiyo si shamba la mtu wala si mali ya kijiji. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya pwani kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na tangazo jengine likatolewa 1964, baada ya uhuru. Msimamizi wake leo ni Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Kwa hivyo mtu ambaye babu yake alikata boriti na pau za kujengea nyumba kwenye hori hilo hilo, leo akikata bila kibali amevunja sheria, hata akiwa amezaliwa Funzi na kukulia Funzi.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, imeacha mlango mmoja wazi kwa wenyeji: chama cha jamii cha msitu, ambacho wengi wanakiita CFA. Makala haya yanaeleza chama hicho ni kitu gani, kinasajiliwa vipi, wataalamu wa misitu wana kazi gani ndani yake, na mkaazi afuatilie mambo gani ili haki yake isibakie kwenye makaratasi.

Vyama vya aina mbili

Watu huchanganya vyama viwili tofauti. Cha kwanza ni chama cha wanataaluma. Hapa Kenya kiko Forestry Society of Kenya, Tanzania wana Tanzania Association of Foresters, na cha nchi za Jumuiya ya Madola kilianzishwa 1921. Wanachama wake ni watu waliosomea misitu, kwa mfano katika chuo cha Londiani kilichofunguliwa 1957, au katika Chuo Kikuu cha Moi, ambacho wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1984 walikuwa wa misitu. Kazi ya vyama hivi ni kukutanisha wanataaluma, kulinda maadili ya kazi yao na kutoa maoni serikali inapotunga sheria na sera za misitu.

Cha pili ni chama cha wenyeji wenyewe: wavuvi, kina mama wanaookota kuni, wafugaji wa nyuki, mafundi wa madau, wakataji wa miti. Hiki hakihitaji shahada wala cheti. Kinachohitajika ni kuwa mkaazi wa eneo la msitu na kukubali kuutunza.

Vyama hivi viwili vinahitajiana. Mwenyeji anajua hori, maji kujaa na maji kutoka, na anajua mti upi uko wapi. Mtaalamu anajua kupima, kuhesabu na kuandika mpango ambao afisi ya serikali itaukubali. Wenyeji wakikosa vipimo vya mtaalamu hawapati mkataba. Naye mtaalamu asipokuwa na wenyeji huandika kitabu cha kuwekwa kabatini.

Sheria inasemaje

Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika 2007, ndiyo iliyowapa wenyeji nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Kabla yake, kazi ya mwenyeji ilikuwa kulipia leseni au kukimbia askari wa misitu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ilichukua nafasi yake na kuiendeleza haki hiyo.

Chama kilichokubaliwa kinaweza kupewa haki ya kuvuna asali, kuchuma dawa za miti shamba, kuokota kuni, kuvuna miti kwa kiwango kilichopangwa, kukata nyasi na kulisha mifugo, kuendesha utalii wa mazingira, kupokea wanafunzi na watafiti, na kuanzisha viwanda vidogo vya mazao ya msitu. Nacho kinalazimika kuulinda msitu, kusaidia kuzuia wizi na moto, na kufuata mpango uliokubaliwa.

Izingatiwe kuwa haki hizo ni za kutumia, si za kumiliki. Msitu unabaki kuwa wa umma. Na serikali ikitangaza marufuku ya ukataji, kama ilivyofanya Februari 2018, chama nacho hubanwa.

Karatasi tatu

Ili chama kiwe na nguvu kisheria kinahitaji karatasi tatu, na mkaazi ana haki ya kuziulizia zote.

Ya kwanza ni cheti cha usajili. Chama husajiliwa kama jumuiya, kikiwa na katiba, viongozi waliochaguliwa na orodha ya wanachama. Hapa ndipo vikundi vidogo vidogo vya kijiji hukusanywa chini ya mwavuli mmoja.

Ya pili ni mpango wa usimamizi shirikishi. Mpango huu unaeleza msitu una ukubwa gani, una miti ya aina gani, sehemu ipi imechoka na ipi ina afya, wapi pa kupanda, wapi pa kuvuna, na wapi pasiguswe kwa sababu samaki na kamba huzaliana hapo.

Ya tatu ni mkataba baina ya chama na KFS. Huu ndio unaosema nani atapata nini na kwa miaka mingapi. Chama chenye cheti tu bila mkataba kinaweza kufanya mikutano na kupanda miti, lakini hakina haki ya kuvuna hata fito moja. Vyama vingi hukwama hapa, kwa sababu kutayarisha mpango kunahitaji pesa na mtaalamu.

Mtaalamu anafanya nini matopeni

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko. Lamu ina asilimia 62 hivi, na Kwale ina kama asilimia 14, sehemu kubwa ikiwa Gazi, Funzi, Bodo, Shirazi na Vanga. Kupima msitu kama huu si kazi ya kusimama ufuoni na kukadiria kwa macho.

Mtaalamu hugawa eneo, kisha huweka viwanja vidogo, mara nyingi vya mita 10 kwa 10. Ndani ya kila kiwanja kila mti hutajwa aina yake, hupimwa unene na urefu, na visiki huhesabiwa. Mti wa kawaida hupimwa unene kwenye usawa wa mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko wenye mizizi ya kujitegemeza hupimwa juu ya mizizi hiyo. Miche inayoota chini huhesabiwa pia, kwani ndiyo inayoonyesha kama msitu utajirudisha wenyewe au utahitaji kupandwa.

Kazi hii haiendi bila mwenyeji. Yeye ndiye anayejua kuutenga mkandaa na kikandaa, mkoko na muia, mkomafi na msikundazi. Anajua kuwa mlilana husimama mbele unakopigwa na bahari, mkoko hufuata kwenye tope laini, mkandaa hukaa juu zaidi, na mchu huvumilia hata kwenye chumvi kali karibu na nchi kavu. Anayepanda mkoko mahali pa mchu amepoteza siku yake na mbegu zake. Shughuli nyingi za kupanda miti kwa sherehe, na fulana na kamera, zimefeli kwa sababu hiyo hasa: mche uliwekwa mahali ambapo maji hayafiki au ambapo mawimbi huung'oa.

Gazi na Vanga

Mifano miwili ya karibu inaonyesha faida ya karatasi hizi.

Gazi msitu ulikatwa vibaya katika miaka ya 1970, kuni zake zikienda kwenye matanuri. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja, mradi unaouza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Mkataba wa msitu uko chini ya chama cha jamii cha Gogoni-Gazi. Pesa zimekwenda kwenye maji, shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji wenyewe waliyachagua katika mikutano yao. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ili watu wasirudi kukata mikoko, walipanda mivinje ya kujengea na ya kuni.

Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata njia hiyo 2019, kwa mradi wa zaidi ya hekta 400 chini ya chama chao cha VAJIKI. Funzi iko katikati ya Gazi na Vanga, na hori lake lina miti ile ile.

Tahadhari kuhusu biashara ya kaboni

Mafanikio hayo yameleta wageni wengi wenye mikoba. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii inayohusika. Kwa miradi ya ardhi, jamii haitakiwi kupata chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutolewa gharama za kuendesha biashara.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa vizuri. Gharama zikiandikwa kubwa, asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa ndogo sana. Chama kiwe na mtu anayejua hesabu, na kisiweke sahihi mkataba ambao wanachama hawajasomewa kwa Kiswahili.

Yanayoangusha chama

Adui wa kwanza ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na chama kisichosoma hesabu zake mbele ya mkutano hakikawii kuvunjika.

La pili ni uongozi wa watu wachache. Wakataji wa miti wakiachwa nje kwa kuonekana wahalifu, wataendelea kukata usiku. Wao ndio wa kuingizwa mwanzo, kwani ndio wanaolijua hori na ndio watakaopoteza riziki.

La tatu ni mgongano wa afisi. Miti iko chini ya chama cha msitu na KFS, lakini samaki, kamba na chaza walio chini ya miti hiyo hiyo wako chini ya kamati ya ufuo, BMU, iliyowekwa na kanuni za 2007. Mvuvi anayefunga dau lake kwenye mkoko yuko chini ya afisi mbili kwa wakati mmoja. Pasipokuwa na makubaliano baina ya kamati hizi, kila moja itaituhumu nyengine.

La nne ni kukosa mbadala. Nyumba zitajengwa na chakula kitapikwa, mkataba uwepo au usiwepo. Mpango usiosema kuni na boriti zitatoka wapi unawaachia wanawake na maskini mzigo wote.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Kwa mkaazi wa Funzi, Bodo, Shirazi au Ramisi, haya ndiyo ya kuulizwa siku kiongozi wa chama, afisa wa misitu au mfadhili atakapoitisha baraza:

Je, chama kina cheti, mpango na mkataba, na kila kimoja kinaisha lini? Nakala ya Kiswahili iko wapi? Nani alipima msitu, na ni wenyeji gani walifuatana naye? Ni eneo gani tumeruhusiwa kuvuna, na nani hutoa kibali? Kama kuna pesa, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, na ni mkutano upi uliopitisha matumizi? BMU imeshirikishwa? Na wanawake, vijana na wakataji wana viti vingapi kwenye kamati?

Maswali hayo hayahitaji kisomo kikubwa. Kiongozi anayeyajibu yote bila kukasirika, huyo ana chama. Anayeyakwepa, basi wanachama wana kazi ya kufanya kabla ya kupanda mche mwengine wowote.