Kombe, mswaki wa Dokta Kirk, na dawa za wazee wetu



Hapa Wadi Kabir, ukikaa barazani baada ya Alasiri na wazee waliotoka Unguja na Pemba, hukosi kusikia mabishano ya dawa. Mmoja atakwambia mwarobaini unatibu kila kitu, mwengine atasema hizo ni hadithi za mabibi tu. Mie naona wote wawili wanakosea, na shahidi wangu ni mtu tunayemjua kwa jambo jengine kabisa: Dokta John Kirk.

Sisi tunamkumbuka Kirk kama balozi wa Kiingereza aliyembana Sayyid Barghash mpaka akatia saini mkataba wa 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kabla ya hapo alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, 1858 hadi 1863. Wawindaji wa huko walikuwa wakipaka mishale yao sumu ya mmea waliouita kombe. Inasimuliwa kuwa Kirk aliitia sumu ile mfuko mmoja na mswaki wake. Siku moja akasugua meno, akasikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo yakapungua. Mwengine angeutupa mswaki, basi. Yeye akauliza kwa nini.

Mmea ukafika Edinburgh, ambako Thomas Fraser aliujaribu kwenye mioyo ya vyura, akatoa kile alichokiita strofanthini. Mwaka 1906 Albert Fraenkel, huko Strasbourg, akaonyesha kuwa ikidungwa mshipani inawasaidia wagonjwa wa moyo. Kiasi kidogo kinautia moyo nguvu, kikizidi kidogo tu kinausimamisha. Ndo maana ya kupima: si kumdharau mzee, ni kujua mpaka kati ya dawa na sumu uko wapi.

Sasa tazameni. Kitaalamu mmea unaitwa Strophanthus kombe, yaani neno la wawindaji limo. Kirk, Fraser na Fraenkel wamo vitabuni. Wawindaji wenyewe majina yao hayamo.

Wachina mambo yao yalikuwa mbali. Tu Youyou alipotafuta dawa ya malaria, kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 kilimwambia majani ya qinghao yarowekwe na kukamuliwa, hakikutaja kuchemsha. Akaacha moto mkali, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kilichomfaa hakikuwa jina la mmea tu, bali namna ya kuutengeneza, na iliandikwa.

Vyetu viko wapi? Dar es Salaam walianza kitengo cha utafiti wa tiba asilia mwaka 1974, kikawa taasisi kamili Muhimbili mwaka 1991. Lakini maabara haiwezi kupima kilichozikwa. Bibi yangu alifariki hapa hapa Wadi Kabir. Alikuwa na mzizi wa tumbo la watoto, sote tumeunywa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ni wa mti gani.

Basi mwenye mzee nyumbani akae naye na kalamu. Mti gani, jani au mzizi, mbichi au mkavu, unachemshwa au unarowekwa, kiasi gani, nani asipewe. Na juu kabisa aandike jina la mzee mwenyewe.