Wanne wa Baraka na Fizi

Ukishuka na ufuo wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kutoka Uvira kwenda kusini, utafika mji unaoitwa Baraka. Ukiacha ziwa ukapanda milimani, utakuta Fizi. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, mchana, jipu la waasi lilisimama kwenye misheni ya Baraka. Kiongozi wao aliitwa Abedi Masanga. Alimwamuru Bruda Vittorio Faccin, Mwitaliano wa miaka 30, apande gari. Faccin akakataa, akapigwa risasi papo hapo. Padri Luigi Carrara, miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha watu. Aliposikia mlio akatoka nje, naye akaambiwa apande. Ushuhuda uliokusanywa na Kanisa unasema aliomba afe pale pale na mwenzake. Alipiga magoti kando ya mwili wa Faccin, akauawa.

Jipu lile lile likapanda hadi Fizi. Jioni, Padri Giovanni Didonè, miaka 34, ndiye aliyefungua mlango. Alifanya ishara ya msalaba, risasi ikampata kwenye paji la uso. Nyuma yake alikuwepo padri mwingine, mkubwa wao wote, miaka 56. Naye akaanguka. Huyu hakuwa Mwitaliano. Alizaliwa papo hapo Tanganyika, na mama yake aliitwa Agnes. Jina lake Albert Joubert, na ni kwa sababu yake ninaandika makala haya, maana kila maelezo rahisi kuhusu vifo hivi yakimfikia yeye yanakwama.

Kwanza hao waasi. Walijiita Simba, na ndiyo, ni simba huyu huyu wetu wa Kiswahili. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na haikumaliza hata mwaka kabla ya Patrice Lumumba kuuawa, tarehe 17 Januari 1961. Mapema mwaka 1964 Pierre Mulele akawasha moto kule Kwilu, magharibi. Upande wa mashariki, Gaston Soumialot na wenzake wakaanza na Uvira na Fizi, na kufikia Agosti walikuwa wameuteka Stanleyville, mji tunaouita Kisangani siku hizi. Wengi wa wapiganaji walikuwa vijana, wengine watoto kabisa, waliopakwa dawa na kuambiwa kwamba wakipiga kelele "Mai Mulele!" risasi zitageuka maji. Msomaji anayekumbuka somo la Maji Maji ya 1905 hatashangaa. Na kabla hujacheka, kumbuka kwamba askari wa serikali nao waliiamini hiyo dawa, walitupa silaha na kutoroka miji mizima.

Walikuwa na hasira na nani? Na serikali ya Léopoldville, na Wabelgiji, na yeyote aliyeonekana kunufaika na uhuru ambao wao hawakuuonja. Hasira ile iliwala Wakongo kwanza. Huko Stanleyville makarani, walimu na wanasiasa waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba, wengine kwa kosa la kusoma tu. Kanisa Katoliki nalo halikuwa mgeni katika hesabu hiyo. Chini ya Wabelgiji nguzo za utawala zilikuwa tatu: serikali, makampuni na misheni. Shule zilikuwa mikononi mwa mapadri. Kwa kijana wa Simba, kanzu nyeupe na kofia ya mkoloni zilitundikwa kwenye msumari mmoja.

Waitaliano watatu wenyewe walikuwa wa shirika la Waksaveri wa Parma, lililoanza kazi Kongo mwaka 1958, yaani miaka miwili tu kabla ya uhuru. Hawakuwa na historia ndefu ya ukoloni pale. Lakini nani angesimama kuwauliza walikuja lini?

Sasa tuitazame tarehe, na hapa Nairobi inaingia. Waasi walikuwa wanawashikilia mateka wa Kizungu zaidi ya elfu moja kule Stanleyville. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda kamati ya kutafuta suluhu Kongo, mwenyekiti wake Jomo Kenyatta. Tarehe 23 Novemba 1964, hapa hapa Nairobi, Thomas Kanza aliyewawakilisha waasi alikutana na balozi wa Marekani, William Attwood, Kenyatta akiwa katikati. Hawakuafikiana. Asubuhi iliyofuata askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege za Marekani juu ya Stanleyville. Mateka wengi waliokolewa, wengine wakapigwa risasi barabarani wakati askari wanakaribia. Kenyatta hakuficha ghadhabu yake.

Kila mahali ambapo Simba walikuwa bado wanatawala, habari hiyo ilikuwa hukumu kwa mzungu yeyote aliyebaki. Uvira ilikuwa imeshakombolewa na jeshi la serikali na mamluki mwezi Oktoba, na wamisionari waliozuiliwa kule wakaachiliwa. Baraka na Fizi zilibaki ndani ya eneo la waasi. Tarehe 26 Novemba, mbali kaskazini, aliuawa Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Tarehe 28, Baraka na Fizi. Tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta, ambaye Wakatoliki wengi wa hapa kwetu wanamjua, aliuawa kwa kumkataa afisa wa waasi. Wiki moja tu.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema: si mambo yako wazi? Wabelgiji wameshambulia Jumanne, Wazungu wanalipiziwa Jumamosi. Imani inaingilia wapi? Hii ndiyo hoja ya wenzetu wengi wanaosoma historia kwa jicho la siasa, na si hoja ya kupuuzwa.

Halafu unamfikia Joubert.

Baba yake, Léopold Joubert, alikuwa Mfaransa, mwanajeshi aliyepigania dola ya Papa huko Italia mwaka 1860. Dola ile ilipoanguka akatafuta vita vingine vya kumfaa. Miaka ya 1880 alifika Tanganyika kuwalinda Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe. Wakati huo misafara ya watumwa na pembe ilitawala pande zote za ziwa, na jina kubwa Ujiji lilikuwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip. Joubert alijenga ngome Mrumbi, akawafunza vijana wa pale bunduki, na akapigana na watu wa Rumaliza mara kadhaa. Miaka ya mwanzo ya 1890 alizingirwa, akakaribia kushindwa.

Unaweza kumsoma huyu mzee kwa njia mbili, na zote ni za kweli. Watu waliokimbilia ngome yake waliponea kufungwa minyororo. Na yeye huyo alikuwa mzungu mwenye bunduki aliyejipa mamlaka juu ya ardhi ya wenyewe, akaifungulia njia dola ya Mfalme Leopold. Ukweli usemwe wote. Ila kuna kitu alichofanya ambacho wenzake wengi hawakukifanya: mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa huko huko, kwa ndoa ya kanisani, wakazaa, wakazeeka pamoja, naye akafia Kongo mwaka 1927. Wanaume wa Kizungu waliozaa na wanawake wa Kiafrika zama zile walikuwa wengi. Walioweka sahihi kwenye kitabu cha ndoa walikuwa wa kuhesabika.

Albert alizaliwa Mrumbi mwaka 1908. Mambo ya machotara katika Kongo ya Wabelgiji hayakuwa mchezo. Serikali iliwachukua watoto wengi wa aina hiyo kutoka kwa mama zao na kuwaweka kwenye misheni, ili wasivuruge mstari kati ya mweupe na mweusi. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni kwa sababu hiyo. Albert hakunyang'anywa mama. Alikua na wazazi wote wawili, akawa padri wa jimbo, na karibu miaka 30 ya upadri wake aliitumia kati ya watu wa ziwa lile. Mtoto wa kapteni hakuwahi kuwa kapteni.

Sasa jaribu kumweka kwenye hoja ile ya Jumanne na Jumamosi. Aliuawa kwa kuwa mzungu? Mama yake ni Agnes. Aliuawa kwa kuwa mgeni? Alizaliwa huko huko kandokando ya ziwa, na alikuwa na takriban miaka 50 Mksaveri wa kwanza alipofika Kongo. Aliuawa kwa sababu ya jina la baba? Inawezekana, watu wa ziwa hawasahau. Lakini kilichomfikisha kwenye mlango ule jioni ile, kati ya mambo yote yaliyomfanya awe yeye, ni upadri. Angekuwa chotara mwenye duka ama shamba, huenda Masanga angempita. Alikuwa nyumba ya mapadri, na gari lilikuwa linatoka kumaliza misheni moja kwenda nyingine.

Kanisa lina kipimo chake cha zamani kwa haya: ili mtu aitwe mfiadini, lazima muuaji awe ameua kwa chuki dhidi ya imani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kipimo hicho kinapata taabu. Nani aliyewahi kuua kwa sababu moja safi? Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador alipigwa risasi madhabahuni mwaka 1980, katika nchi ya Wakatoliki, na ilichukua miaka 35 kabla ya kutangazwa mwenyeheri. Lawama dhidi yake ilikuwa kwamba ni siasa tu.

Kwa maoni yangu, Kanisa lisingehitaji kumsafisha muuaji ili kumheshimu aliyeuawa. Masanga angeweza kuwa na ngozi, Ubelgiji, dawa, shule na kanzu vyote kichwani kwa wakati mmoja. Kinachojulikana vizuri zaidi ni waliofanya wale wengine. Faccin alikataa gari. Carrara alipewa nafasi ya kuchagua kitu kimoja tu, mahali, akachagua kando ya bruda aliyekuwa tayari ameanguka. Hiyo haihitaji kusoma moyo wa mwenye bunduki.

Tarehe 18 Agosti 2024, karibu miaka 60 baadaye, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa aliwatangaza wenyeheri mjini Uvira. Na hapa ndipo swali linapokuwa gumu kuliko la nia ya Masanga. Milima ile haikupumzika kamwe. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwaka 1965 akakaa humo miezi saba, akatoka amekata tamaa. Laurent Kabila alikaa msituni Fizi miaka mingi kabla ya kuingia ikulu ya Kinshasa mwaka 1997. Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa barabarani Bukavu. Tarehe 24 Agosti 1998, kule Kasika, padri na masista na waumini waliuawa misheni, mwami naye akauawa na watu wa nyumbani mwake, kisha vijiji vya njiani vikamalizwa. Mwisho wa mwaka huo huo ikawa zamu ya Makobola, kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Wengi wa hao walikuwa Wakristo. Wengi waliuawa wakiwa wamekimbilia kanisa, ama nyumba ya jirani, ama shamba la mihogo.

Faili la Waksaveri lilikuwa na shirika nyuma yake, lenye watu Roma, lenye kumbukumbu, barua na picha za vijana watatu wa kaskazini mwa Italia. Mama wa Makobola aliyeuawa na wanawe wanne faili lake analo nani? Sisemi hivi kuwapunguzia wale wanne chochote. Nasema kwa sababu watu waliojaa Uvira siku ile ya Agosti walikuwa ni watoto na wajukuu wa wafu wasio na faili, na walikuja kuimba.

Kwenye nyaraka za Kanisa kesi hiyo inaandikwa kwa jina la Luigi Carrara na wenzake watatu. Waksaveri wanatangulia, mmoja baada ya mwingine, halafu mwishoni kabisa anakuja padri wa jimbo: Albert Joubert, mkubwa wao kwa miaka zaidi ya 20, wa pekee aliyezaliwa Kongo.