Tokeo la huyu ni ingizo la yule: funzo la Mars Climate Orbiter

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuzungumze historia.

Yeyote aliyesomea usimamizi wa miradi analijua lile jedwali la safu tatu: maingizo, zana na mbinu, matokeo. Shirika la Project Management Institute la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1969, lilieleza michakato 37 kwa mtindo huo katika mwongozo wake wa PMBOK wa 1996. Mfano rahisi ni chapati. Unga, maji na mafuta ni maingizo, kibao cha kusukumia na kikaango ni zana, chapati ni tokeo. Lakini mambo hayaishii hapo. Chapati hiyo ni ingizo la anayepakua sahani. Ikiwa mbichi, yeye ndiye atakayegombana na mteja.

Wengi hulikariri jedwali hilo kama orodha, wakapita mtihani, wakalisahau. Kumbe ni mnyororo. Tuone pete moja ilivyokatika.

Tarehe 11 Desemba 1998, NASA ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwenda kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mirihi. Kazi iligawanywa. Kampuni ya Lockheed Martin, iliyounda chombo, ilikuwa Denver. Maabara ya NASA ya JPL, iliyokokotoa njia ya safari, iko Pasadena, California.

Chombo kilikuwa na bawa la sola upande mmoja tu, na mwanga wa jua ulikuwa ukikisukuma na kutaka kukigeuza. Magurudumu ya ndani yalipambana na msukumo huo, na kila yalipozidiwa, injini ndogo ziliwashwa kuyapunguzia mzigo. Kila mwasho ulikisogeza chombo kidogo sana. Programu iliyokuwa ardhini ilikokotoa ukubwa wa kila msukumo na kuuandika kwenye faili, nayo faili ikapelekwa kwa wakokotoaji wa njia.

Sasa angalia jedwali letu. Faili ni tokeo la Denver na ni ingizo la Pasadena. Hati ya makubaliano ilisema wazi namba ziwe katika nyutoni-sekunde. Programu ikaziandika katika vipimo vya Kiingereza, yaani pauni-sekunde. Pauni moja ya nguvu ni kama nyutoni 4.45, kwa hivyo kila msukumo ulionekana mdogo kuliko ulivyokuwa kwa zaidi ya mara nne. Namba ilikuwa namba tu, bila kipimo pembeni, na kompyuta haina macho ya kushangaa.

Je, hakuna aliyegundua? Hapa ndipo pa kusikitisha. Miezi minne ya mwanzo faili hizo hazikutumika kwa sababu mpangilio wake ulikuwa na hitilafu, na timu ikategemea barua pepe. Zilipoanza kutumika Aprili 1999, baada ya muda mfupi baadhi ya wakokotoaji waliona hesabu hazilingani. Walisema, lakini wasiwasi wao haukuingizwa katika utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu. Nao wasiwasi ni tokeo. Usipoandikwa, hauwi ingizo la mtu yeyote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilifika. Kilitarajiwa kupita kilomita 226 juu ya Mirihi. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kilipita kama kilomita 57, ilhali chini ya 80 kisingeweza kuhimili. Kiliingia nyuma ya sayari, mawimbi yake yakakatika sekunde 49 kabla ya wakati uliotarajiwa, na hakikusikika tena.

Bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Arthur Stephenson ilitoa ripoti Novemba 1999. Kiini kilikuwa hicho kipimo, lakini bodi iliorodhesha mambo mengine 8 yaliyochangia, yakiwemo mawasiliano duni kati ya timu, mafunzo yasiyotosha, na majaribio yasiyotosha ya programu za ardhini. Kukosea hesabu ni jambo la binadamu. Tatizo ni kwamba mchakato mzima haukuwa na mlango wa kulinasa kosa.

Mwaka wa 2021 toleo la saba la PMBOK liliyaweka kando majedwali hayo na kujikita katika kanuni. Wengi walishangilia. Sawa, lakini funzo la Mirihi halitegemei toleo la kitabu. Ukituma tokeo lako, andika kipimo chake. Ukipokea ingizo, lipime kabla ya kulila. API moja inaporudisha shilingi na nyingine kusoma senti, ni hadithi ile ile, ila tu bila roketi.

Kwako je, nani hukagua kinachopita kati ya timu mbili?