Divai ya Altare katika Nchi ya Buha

Mgeni afikaye Kasulu au Kibondo, akiitazama miteremko ya Heru Juu, huenda akauliza: mbona mapadre wa kwanza hawakupanda mizabibu hapa? Kwani kando ya mto Mosel, katika Ujerumani, divai nyeupe tamu hutoka katika vilima vikali mno, hata mvunaji hutambaa kwa mikono na miguu.

Jibu li katika jua na mvua. Kule kaskazini jua hupita chini angani, nao mteremko hulipokea uso kwa uso. Mawe yake hutunza joto hata usiku. Kwetu jua hupita utosini, na mteremko haumfai mkulima kitu ila kumpotezea udongo. Tena mvua zetu huanza Oktoba au Novemba hata Mei, na unyevu huleta ukungu juu ya majani na vichala. Mgomba huufurahia, mzabibu huugua.

Waha hawakukosa kinywaji. Pombe ya ndizi ipo, na asali ya misitu ya Kibondo yasifiwa mbali. Lakini sheria ya Kanisa yataka divai halisi ya zabibu, isiyoharibika. Asali, iwe njema namna gani, haiingii katika kalisi. Kwa hiyo divai ilitoka mbali. Mapadre Weupe waliondoka Bagamoyo Juni 1878 wakafika Ujiji Januari 1879, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi. Kwa safari kama hiyo yafaa divai nyeupe, tamu, yenye nguvu: haigeuki siki upesi, wala haitii madoa vitambaa vya altare. Shirika lao lenyewe lililima mizabibu huko Thibar, katika Tunisia.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka ule ule vita vikaanza, na meli za Waingereza zikaifunga pwani. Chupa ikivunjika siku hizo, itapatikana wapi nyingine? Roma ilikwisha kuruhusu zabibu kavu zirowekwe na kuchachuliwa, mradi rangi na ladha ziwe za divai kweli. Na zabibu kavu nazo hutoka ng'ambo!

Hatimaye mzabibu ulipata kwao Dodoma, penye ukavu, ambako wamisionari wa Italia waliukuza Bihawana. Kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo wasilolijua watu wa Mosel. Na mashamba mengi yapo uwandani.