Milele ya Kikamba ni ndefu kiasi gani?

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee juu ya kitu kisicho na mwisho.

Alama ya ∞ ilianza kutumiwa na mwanahisabati Mwingereza John Wallis mwaka 1655. Enzi hizo wasomi wa Ulaya walisumbuliwa na swali: kama ulimwengu nao hauna mwisho, Mungu amebaki na nini cha peke yake? René Descartes alijibu mwaka 1644 kwamba asiye na mwisho ni Mungu tu. Ulimwengu ni kwamba sisi hatuuoni mpaka wake. Tena, kwake, akili ya binadamu inaweza kujua kwamba kitu hakina mwisho hata kama haiwezi kukimaliza.

Ukambani swali lilikuja kwa sura nyingine. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui (1931), alichambua vitenzi vya Kikamba. Katika African Religions and Philosophy (1969) akaandika kwamba Mwafrika wa jadi ana Sasa na Zamani, maneno aliyoyatoa kwenye Kiswahili, lakini wakati ujao wa mbali karibu hana: haupiti miaka 2 hivi.

Huu si mchezo wa maneno. Kama ni kweli, basi wazee wetu waliohubiriwa uzima wa milele waliitikia Amina kwa jambo wasiloweza kulifikiri.

Sisi waandika programu tunaijua hoja hiyo. Saa ya kompyuta ya biti 32, inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, inajaa tarehe 19 Januari 2038. Kisanduku kidogo, wakati mwingi.

Lakini lugha si kisanduku. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti mwaka 1987 kwa mifano ya Kiakan. Mimi naongeza mfano ambao mtu wa Matiliku anausikia kila Jumapili kanisani: tene ni zamani, na tene na tene ni milele. Neno la nyuma limerudiwa, likafungua njia ya mbele. Hapo hakuna kitenzi cha miaka elfu, wala hakihitajiki. Ni kama amri ya kurudia ndani ya programu: mistari miwili tu, lakini haiishi. Descartes angeelewa.

Je, kwa lugha ya kwenu milele imeundwa kwa neno gani?